Masomo ya Rezo, Kutoka Walikale Mpaka Shasha

Siku yangu ya kwanza ya kazi niliingia kwa mukubwa wangu na kiatu kimoja muguuni, kingine mukononi, na matope mpaka magoti. Mvua ya Walikale haipigake hodi. Chef wa kituo alikuwa muzee, zamani inspekta wa shule za msingi. Aliniangalia kuanzia chini mpaka juu, akavua miwani, akaniangalia tena.

"Weye njo encadreur mwenye balitutumia?"

"Njo miye, Chef."

"Unajua ordinatere, ile kompyuta?"

"Kidogo, Chef."

"Na Kifaransa?"

"Nayo kidogo."

"Basi uko na kidogo mbili. Ukiziunganisha itatosha. Vaa kiatu."

Hivyo njo nilianza. Ninyi wadogo wangu wenye mutasoma haya, mujue kwanza kama encadreur si profesa. Profesa mwenyewe alikuwa mbali, katika chuo chenye sijaonaka ata mulango yake, na alikuwa anatuma masomo kwa rezo, ni kusema kwa internet. Encadreur ni ule mwenye anabaki huku na mwanafunzi: anawasha tablete, anamufasiria swali, anamuonyesha namna ya kupanga mawazo, na jibu ikikuja mubaya anamutafutia chai. Nilikuwa na diplome d'État tu, ile ya kumaliza sekondari, na ndoto kubwa kuliko milima yote ya Masisi ikipangwa moja juu ya ingine. Nilikuwa nafikiri kwamba rezo ikifika katika kila kijiji, vita itaona haya na kuondoka.

Kazi ilikuwa na sheria zake. Ya kwanza ilikuwa "kuvuta": kuamuka mapema sana, mbele wachuuzi waanze kupigiana simu, juu saa ile rezo iko nyepesi na masomo yanashuka haraka. Kisha tunagawanya masomo katika tablete zote, na wanafunzi wanasoma muchana bila rezo. Ya pili ilikuwa "kufananisha": tablete inarudishwa karibu na rezo, maandiko ya mwanafunzi yanapanda, majibu ya mwalimu wa mbali yanashuka. Katikati ya kuvuta na kufananisha kulikuwa jua. Jua njo ilikuwa mukubwa wetu wa kweli, kwa sababu kila kitu kilikuwa kinakula kwenye panneau ya kukamata jua, juu ya nyumba, na katika pori ya Walikale jua linatoka wakati linapenda.

Lakini shida kubwa haikukuwa mashini. Chef alinionyesha ile siku moja, wakati nilikuwa namulalamikia mwanafunzi mwenye alijibu swali lote pembeni.

"Solange, usiseme hajue," aliniambia. "Anajua sana. Hajaelewa swali linamuomba nini. Nyumbani anasema lugha ya mama yake, sokoni anasema Kiswahili, Kifaransa alikutana nayo ku tablo, ule ubao wa shule. Na sasa chuo kinamuambia: linganisha, chambua, toa sababu. Ile ni Kifaransa ingine tena. Ni kama kumuambia muntu mwenye anajua kutembea kama sasa acheze ngoma ya kwa bakwe."

"Tufanye nini, Chef?"

"Tukae naye. Hakuna mashini ya ile."

Chef huyo sikukaa naye sana. Barabara ilifungwa na wenye bunduki, masanduku ya tablete yakakosa kufika, na siku moja aliniita na kuniambia nipande kwenda Rubaya, yeye atabaki kulinda kituo. Alinishika mukono kwa mikono yake miwili. Sikumuona tena.

Pa Rubaya wanafunzi wangu walikuwa vijana wa kuchimba madini ya koltani. Walikuwa wanashuka kutoka machimbo na udongo mpaka kwenye kope za macho, na nilikuwa naweka beseni ya maji kwenye mulango: unanawa kwanza, kisha unagusa tablete. Kulikuwa mumoja mwenye alipenda sana kuandika. Alikuwa anaacha muzigo wake inje, anakaa, anaandika mistari miwili, anarudi kubeba. Kisha mulima ukashuka juu yao, vile inafanyikaka wakati mvua inakuwa nyingi. Tablete yake ilibaki kwangu na kazi nusu. Kila asubuhi nikiiwasha, mashini ilikuwa inamuandikia, kwa adabu yote: "Habari! Haujamaliza kazi yako." Ile miezi niliacha kuota kidogo.

Njo wakubwa wakanituma Muheto.

Chumba chetu cha masomo kilikuwa nyuma ya duka ya Papa Kambale, muchuuzi kutoka upande wa Butembo, Mukatoliki mwenye alikuwa ametundika rozari juu ya kisanduku cha rezo. "Ile kitu bila baraka haiendake," alikuwa anasema. Alitupatia chumba bure, sisi tukamuachia ashajishe simu za wateja kwenye panneau yetu, na hakuna siku ilipita bila yeye kupiga kelele kutoka duka: "Solange! Shule yako inakula jua yangu yote!"

Na kati ya wanafunzi wangu wa Muheto alikuwa Mama Bahati.

Mama Bahati alikuwa wa familia ya walimaji wa zamani wa mulima wa Muheto, mama wa watoto, na mwalimu wa mwaka wa kwanza katika shule ya msingi. Alifundisha miaka mingi bila karatasi ya ualimu. Sasa directeur wa shule alikuwa amemuambia wazi: mwaka ukiisha bila cheti, darasa litapewa mwingine. Kile cheti kilikuwa kinapatikana kwa rezo. Kama akishindwa, hakukuwa njia ingine ya kubaki na watoto wake, na alikuwa anawapenda wale watoto vile watu wanapendaka mashamba yenye walifungua wenyewe.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa hii: eleza namna mutoto anajifunza kusoma katika lugha yenye hawaisemake nyumbani. Mama Bahati alikaa mangaribi nyingi akigonga tablete kwa kidole kimoja, ulimi umetoka kidogo pembeni ya midomo. Alikataa nimuangalie. Siku ya kutuma alivaa kitenge cha kanisani. Na jibu ikakuja: sifuri, na neno moja jekundu, plagiat, njo kusema wizi wa maneno. Chini yake waliandika kwamba anaruhusiwa kurudilia kazi mara moja tu. Ikikutwa vile tena, anafukuzwa.

Nilifungua andiko lake. Lilikuwa somo la profesa lote, neno kwa neno, bila virgule wala nukta moja kukosa.

"Solange," aliniuliza pole pole, "banasema niliiba?"

"Banasema maneno iko ya profesa, Mama."

"Sasa ilikuwa ikuwe ya nani? Si yeye njo alitufundisha?"

Aliendelea, kidole kingali juu ya lile neno jekundu.

"Baba yangu batu balikuwa banamutuma kwa bakwe mambo ya ndoa. Bazee banamupatia maneno, anaibeba vile iko. Ukifika kule ukaongeza yako, ao ukaangusha moja, banakutoza mbuzi. Miye nilibeba maneno ya mukubwa yote, mbali vile, na kidole moja, sikuangusha ata kamoja. Njo banasema niko mwizi?"

Wadogo wangu, hii iko kitu chenye watu wa rezo kule mbali hawawezi kuona katika mashini. Kwetu maneno ya mukubwa hayaguswe. Na shule ilikazia palepale: wote tulisoma kwa kukariri, na ule mwenye alirudisha somo bila kuacha neno njo alipigiwa makofi. Mutu amelelewa hivyo, anafika chuo, na heshima yake yote inageuka kosa.

Nilipanda kwenye malisho ya ng'ombe, kwenye rezo ilikuwa inashikaka vizuri, nikapigia Coordonnateur, mukubwa wetu wa Goma.

"Coordonnateur, haikukuwa wizi. Ilikuwa heshima."

"Solange, mashini haina mahali pa kuandika heshima."

"Basi mumuandikie mwalimu wa mbali."

"Nitamuandikia. Lakini mama arudilie kazi, na siku ya mwisho haitasogea. Na usimuandikie weye! Nikikuta Kifaransa yako ndani nitaijua, iko na makosa yake yenyewe."

Nilishuka, nikamukuta Mama Bahati akipanguza tablete na ncha ya kitenge, kama vile anataka kuirudisha.

"Mama," nilimuuliza, "baba yako akifika kwa bakwe, anaanzaka kusema nini?"

"Anasema: maneno hii haiko yangu. Iko ya Papa fulani. Miye niko kinywa tu."

"Njo ile chuo inataka! Useme mwenye maneno. Ukimutaja mwenye maneno, haukuiba."

"Eh. Tu ile?"

"Na kingine. Ukimaliza maneno ya profesa, bakwe banakugeukia banakuuliza: na weye, unaona namna gani?"

Alicheka mpaka akajifunika kinywa na kitenge. "Miye? Mu mambo ya profesa? Mutoto huyu anataka banitoze mbuzi mbili!"

Papa Kambale alisikia kutoka duka. "Mama Bahati! Kwangu unasemaka yako bila kuulizwa! Juzi ulinifundisha bei ya sabuni mbele ya wateja."

"Ile ni sabuni, Papa. Hii ni Kifaransa."

"Vyote vinatoa povu!"

Njo nikapata wazo, na nawapatia ninyi kama fundi anapatia mwingine chombo. Niliweka simu yangu mezani ikamate sauti, nikamuambia: acha kuandika, nielezee tu darasa lako, kwa Kiswahili. Alianza kwa haya, kisha akasahau simu. Alieleza kwamba mutoto mumoja anakuja na Kihunde, jirani yake kwenye banc ya darasa anakuja na Kinyarwanda, na wazazi wao hawasalimiane tena juu ya vita. Kitabu kiko kimoja, kwa Kifaransa, na mwalimu anakizungusha. Mbele ya kusoma neno anaweka kitu chenyewe katika mikono ya watoto: haragi, jiwe, jani. Anawaacha wakiite kila mumoja vile wanakiitaka kwao, wabishane, wachekane, kila mumoja ajifunze jina la mwenzake. Jina la Kifaransa analiandika mwisho.

"Kwa nini mwisho, Mama?"

"Juu iko mugeni. Mugeni anaingia wakati benye nyumba bamekwisha kukaa. Akiingia wa kwanza, batoto banaogopa, banasimama bote."

Nilimurudishia sauti yake. Alisikiliza, kichwa pembeni.

"Huyu mama ni nani? Anasema vizuri."

Kutoka pale tulifanya kazi kweli. Alisikiliza sentensi moja ya sauti yake, akaitafutia Kifaransa, fupi, ya kwake. Sikumugusia kidole. Kwenye alibeba neno la profesa, alianza na jina la profesa. Na alipofika mahali profesa anasema mutoto asikie lugha ngeni wakati murefu kwanza, kila siku, kutoka midomo mingi, Mama Bahati alisimama.

"Lakini kwangu hakuna midomo mingi," alisema. "Kifaransa ya ile darasa iko yangu tu, na iko ndogo."

"Basi andika."

"Niandike 'lakini' kwa profesa?"

Kifaransa cha chuo kina "lakini" yake, cependant, neno refu lenye kuvaa koti. Mangaribi nzima ilipita juu ya lile neno. Alikuwa anapeleka kidole, anakirudisha, kama mutu anajaribu kama chungu kingali moto.

"Na akiona?"

"Njo anangojea aone, Mama."

Aligonga herufi moja, akaniangalia. Akagonga ingine.

Kazi iliisha siku moja nzuri, wakati watu walikuwa wanavuna viazi. Tulikuwa tufananishe kesho yake. Lakini asubuhi ile munara wa simu ulinyamaza, na muchana tukasikia mizinga kutoka upande wa Masisi, na kabla ya jua kuinama barabara ilikuwa imejaa watu, magodoro, mbuzi. Papa Kambale alikuwa anafunga bidhaa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao yenye kubeba muzigo. Aliondoa rozari pale juu ya kisanduku, akanivalisha shingoni.

"Papa, miye niko wa kipentekoste."

"Bunduki haiulizake kanisa. Enda!"

Kazi ya Mama Bahati ilikuwa ingali ndani ya tablete, haijapanda mahali popote. Kila mutu wa huku anajua vile iko hatari kubeba kitu cha namna ile njiani: ukikutwa nayo wanaweza kusema uko mupelelezi. Nilimuambia tuiache, tutaomba kazi isogezwe. Yeye aliifunga tablete juu ya mugongo wake na kitenge cha kwanza, akaweka mutoto mudogo juu yake, akafunga cha pili.

Kwenye kizuizi cha barabara, kijana mumoja mwenye silaha alimusimamisha.

"Mama, unabeba nini kule?"

"Naona unaona. Mutoto."

"Anasimama wima vile kwa nini?"

"Amelala na njaa, mwanangu. Njaa inanyoshaka muntu."

Yule kijana aliangalia chini, akatufungulia. Hatua chache mbele nilisikia meno ya Mama Bahati yakigongana, na jua lilikuwa kali.

Tulifika Shasha, pale barabara inapita karibu na ziwa, na tukakaa chini ya shitingi, yale maturubai ya wakimbizi, pamoja na wengine wote. Samaki zilikuwa zinanukia kutoka kwa wavuvi na sisi hatukukuwa na cha kununulia. Lakini kulikuwa rezo. Mama mumoja mwenye kuuza sambaza, vile visamaki vya ziwa, alituachia tushajishe tablete kwenye betri yake, na siku ileile ya mwisho ya kutuma kazi tulipanda juu ya kilima cha nyuma ya barabara. Nilifungua. Kile kiduara cha kufananisha kilizunguka, kikasimama, kikazunguka. Mama Bahati alikuwa anakisemea kama vile anasaidia mutoto kutembea: "Enda, enda, enda." Kikaenda.

Kisha tukangojea. Habari za Muheto zilikuwa zinafika kwa midomo ya wenye kuchelewa njiani. Wakasema wenye bunduki walilala katika shule. Wakasema walifanya banc za darasa kuni za kupikia. Mwingine akasema ameona mumoja wa watoto wa darasa la Mama Bahati na nyanya yake kwenye barabara ya Walikale. Mwingine akasema hapana, ule ni mwingine. Mama Bahati alikuwa anazunguka kati ya mashitingi akiita majina. Alipata wachache. Kila jioni alikuwa anarudi, anakaa, anakunja miguu.

Siku jibu ilifika, zilifika mbili pamoja. Ya kwanza ilikuwa ya Coordonnateur, kwangu: mradi umefungwa katika eneo lote juu ya usalama, nipeleke tablete Goma, murakoze, ni kusema asante, kwa kazi. Hivyo njo nilistaafu, wadogo wangu, mbele ata ya kuolewa. Hakukuwa hotuba, hakukuwa soda. Leo nauza sambaza pamoja na ile mama wa betri, na mikono yangu inanuka ziwa. Watu wananiuliza kama ile kazi ilifaa kitu. Sijui kuwajibu vizuri. Vita haikuona haya. Rezo inaingia mpaka kwenye vilima vyenye hakuna tena mutu wa kusoma. Lakini nikiona mutu anaogopa kusema "lakini" mbele ya mukubwa, moyo unaniuma namna moja, na nasogea karibu naye. Labda encadreur hastaafuke yote. Mukipata ninyi kazi kama ile, ikae nanyi: mashini itawaambia mwanafunzi amekosa wapi, haitawaambia anatoka wapi. Mumuulize.

Jibu ya pili ilikuwa ya Mama Bahati. Tulipanda kilima kuisoma, juu kesho yake nilikuwa naondoka na tablete.

Kazi ilikubaliwa. Mwalimu wa mbali aliandika kwamba amesoma habari ya mugeni mwenye anaingia mwisho, akawasomea wenzake. Aliandika kwamba "lakini" yake imemufikirisha. Nilisoma kwa sauti, nikimufasiria, nikiruka ruka kwa furaha, na Mama Bahati alikuwa ameshika magoti akitikisa kichwa, anacheka na anafuta macho.

Chini kabisa kulikuwa swali moja, si la mutihani. Mwalimu alikuwa anauliza: "Na watoto wa darasa lako, leo wako namna gani?"

Mama Bahati aliacha kucheka. Aliangalia barabara, watu wenye walikuwa wanaendelea kufika na mizigo. Kisha akanyosha mukono, nikamupatia tablete.

"Solange. 'Sijui,' mu Kifaransa ya chuo, banaiandikaka namna gani?"

"Banaiandika vile unaisemaka, Mama. Je ne sais pas."

"Hakuna yenye kuvaa koti?"

"Hakuna."

Aligonga pole pole, kidole kimoja, mpaka mwisho. Akaisoma. Akanirudishia tablete ili niitume.

"Na hii," aliuliza, "tuandike iko ya nani?"

"Hii iko yako, Mama."